Hita ya gari la zamani haipashi? Usiguse dashibodi kwanza

Mwezi wa Juni ukiingia, gereji za huku Njombe hupokea magari mengi yenye lalamiko moja: hita inapuliza, feni inaunguruma, ila hewa ni ya vuguvugu. Mengi ni Toyota za miaka ya 1990, Corolla, Carina na Hilux, zilizokaa Dar mpaka mwenyewe alipohamishiwa nyanda za juu. Kule pwani hakuna aliyewahi kugusa swichi ya hita, kwa hiyo ubovu haukujulikana.

Hita ya gari haina moto wake yenyewe. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya injini yakishapata moto hupitishwa humo kwa mipira miwili, blowa (feni ya hita) inapuliza hewa juu yake, nawe unapata joto. Maji yasipopata moto, au yasipofika, utang'oa dashibodi nzima na baridi itabaki palepale.

Andaa spana namba 10 na 12, plaizi, bisibisi, beseni, mpira wa kumwagilia bustani na kulanti (dawa ya kupozea injini, huchanganywa na maji ya rejeta).

Hatua ya 1: Angalia maji

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe yamefika shingoni. Yakipungua, hita ndiyo hukosa mwanzo, hata kabla mshale wa temperecha haujaonyesha lolote. Angalia na rangi. Ukiona maji mekundu mazito kama uji wa ulezi, gari limekuwa likiongezwa maji ya bomba matupu miaka mingi, na kutu hiyo imeshaingia kwenye hita pia.

Kisha tafuta mipira miwili ya unene wa kidole gumba inayoingia kwenye bodi, kati ya injini na miguu ya dereva na abiria. Ukikuta mpira unatoka kwenye injini, unapinda na kurudi kwenye injini hiyohiyo, hita ilishakatwa zamani. Kwa kawaida ilikuwa inavuja, fundi akaona aipitie pembeni. Ruka hadi mwisho wa maelezo haya.

Hatua ya 2: Shika mipira

Washa gari nje, usiwashie ndani ya banda lililofungwa. Weka hita kwenye joto la mwisho, subiri mshale utulie, halafu gusa mipira yote miwili kwa uangalifu.

Yote ikiwa ya moto kweli, maji hayana shida. Nenda hatua ya 6. Mmoja wa moto na mwingine vuguvugu, hita imeziba au vali yake haifunguki. Magari mengine yana vali hiyo kwenye mpira wenyewe, ikivutwa na waya. Isukume kwa mkono uone kama inatembea. Yote miwili ikiwa vuguvugu, mshukiwa wa kwanza ni themostati, wa pili ni hewa iliyonasa kwenye njia za maji.

Hatua ya 3: Themostati

Hapa ndipo magari mengi yanayotoka sehemu za joto hukwama, kwa sababu ukifungua unakuta hakuna kitu. Imetolewa na kutupwa, kwa imani kwamba nchi ya joto haiihitaji. Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasiende rejeta mpaka yapate moto. Kwenye Toyota nyingi za injini ya 4A au 5A imeandikwa 82, yaani huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi. Ikiwa haipo, maji yanapozwa tangu unapowasha gari. Dar hutajua. Njombe saa kumi na mbili asubuhi, mshale haupandi, hita inapuliza baridi, na injini inakula mafuta kwa kuwa kompyuta inadhani bado haijapata moto.

Wala kuitoa hakulindi gari lisichemshe. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani upande wa nyuma ambacho, maji yakipata moto, huziba njia ya mkato ya kurudi ndani ya injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita rejeta. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaonya kuhusu hili.

Fuata mpira mkubwa wa rejeta hadi unapoingia kwenye injini. Kwenye baadhi ni wa juu, kwenye nyingine ni wa chini. Utakuta kifuniko cha nati mbili au tatu. Kinga beseni, fungua. Themostati ikiwepo, iangalie: ikiwa iko wazi ilhali ni baridi, imekufa. Ikiwa imefunga, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Inapaswa kuanza kufunguka maji yakikaribia kuchemka. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo usiikatae kwa sababu haikufunguka hadi mwisho.

Unapofunga mpya, springi ielekee ndani ya injini, na kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipite. Weka mpira mpya wa kuzibia. Silikoni ya kumwaga siipendi hapa. Ikizidi inamegeka na kwenda kuziba hita.

Wapo wanaoweka kadibodi mbele ya rejeta badala ya themostati. Inapasha, sikatai. Isahau tu siku unarudi kutoka Dar ukipandisha mlima Kitonga, uone mvuke.

Hatua ya 4: Toa hewa

Paki pua ikiwa juu mlimani. Ukiwa na mfuniko wazi na hita kwenye joto la mwisho, jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, washa, acha injini ing'urume bila kukanyaga mafuta. Minyaminya mpira mkubwa wa rejeta mara kwa mara. Mapovu yatatoka na maji yatashuka, ongeza. Feni ya rejeta ikishawaka na kuzima bila mapovu, funga. Ikishapata moto mfuniko umefungwa, usiufungue tena mpaka injini ipoe.

Hatua ya 5: Safisha hita

Chomoa mipira miwili kwenye bodi. Usiivute kwa nguvu. Shingo za hita ni nyembamba, na ikivunjika moja ndipo dashibodi inashuka kweli. Ukiona mpira umeng'ang'ania, uchane kwa kisu kwa urefu. Mpira ni bei rahisi.

Ingiza maji ya bomba kwa presha ndogo kupitia mdomo wa kutokea, ili yarudishe uchafu ulikotoka. Geuza, rudia, mpaka yatoke meupe. Magadi ya kusafishia usithubutu, yanakula alumini. Ukimaliza rudia hatua ya 4.

Hatua ya 6: Upande wa hewa

Zungusha swichi ya joto huku msaidizi akichungulia chini ya dashibodi. Kuna mkono mdogo unaovutwa na waya. Usipotembea kutoka mwisho hadi mwisho, klipu ya waya imechomoka. Blowa ikifanya kazi spidi ya mwisho tu, rezista yake (kifaa kinachopunguza spidi) imeungua. Ondoa na majani chini ya kioo cha mbele, ndipo hewa inapoingilia.

Hita inayovuja

Zulia la abiria likilowa, kioo kikipata ukungu wa mafutamafuta na ndani kukinukia kulanti, hita imetoboka. Hapo sasa dashibodi inatoka, na inahitaji hita nyingine, si dawa ya kuziba ya kwenye kopo. Kabla ya kuinunua, linganisha na ya zamani pande za shingo: za usukani wa kulia na wa kushoto mara nyingi hazifanani.