Kabla ya kupanda Kitonga, kagua mfumo wa kupoza injini

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa kwa gari dogo anaweza kumaliza zaidi ya kilomita 400 bila injini kumsumbua hata kidogo, kisha akaikuta Kitonga, mlima mkali wenye kona kabla ya Iringa. Pale unapanda nyuma ya lori lenye shehena, uko gia ya kwanza au ya pili, injini inavuta kwa nguvu zote, na upepo unaoingia kwenye rejeta ni kidogo kwa sababu gari linatambaa. Gari langu liliwahi kuchemsha kwenye zile kona, saa nane mchana, watoto wawili wakiwa ndani. Tangu siku hiyo nakagua mwenyewe, siku tatu kabla ya safari, ili nikikuta hitilafu niwe na muda wa kuitengeneza.

Anza asubuhi, gari likiwa limelala na injini ni ya baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta uone kama maji yamefika shingoni. Usiamini tangi la akiba peke yake, maana linaweza kujaa huku rejeta ina upungufu. Yakiwa yamepungua, usijaze ukaondoka: maji ya rejeta hayaishi bila sababu. Pitisha mkono kwenye mipira na klipu zake, angalia chini ya wotapampu, tafuta alama nyeupe au za kutu zilizokaukia kwenye maungio. Zulia la mbele likiwa na unyevu wenye harufu tamutamu, inavuja rejeta ndogo ya hita.

Ukikosa tone lolote nje na maji bado yanapungua, hofia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Fungua kifuniko cha oili: uji wa rangi ya maziwa ni dalili mbaya, hasa ukiambatana na moshi mweupe usiokoma au mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta. Gari la namna hiyo halisafiri, hata kama kuna harusi.

Mfuniko wenyewe watu huudharau. Kazi yake ni kushikilia mgandamizo, na kwa mgandamizo wa 1.1 (takriban bar 1.1) uliopigwa chapa juu ya mifuniko mingi, maji huchelewa kuchemka mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wake ukipasuka, kinga hiyo inapotea, na ukumbuke kwamba Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nunua mwingine wenye namba ileile.

Sasa themostati, vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Hapa nawapinga mafundi wengi waziwazi. Gari likichemsha mara moja, wanaing'oa na kukuambia huku kwetu ni joto, haihitajiki. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi. Katika injini nyingi, themostati ikifunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupozwa, na mlimani ndipo upungufu huo unapojitokeza. Mjini utalipia kwa mafuta mengi tu. Muulize fundi wako kama ipo. Kama haipo, irudishwe.

Feni za umeme ni rahisi kupima: washa injini na AC, zizunguke. Gari linalopata joto kwenye foleni kisha likapoa barabara ikifunguka, shuku feni, fyuzi au rilei (swichi ya umeme ya feni). Linalopata joto kwenye mwendo kasi au mlima, shuku rejeta iliyoziba, themostati au wotapampu. Kuziba huko mara nyingi huletwa na maji ya bomba yaliyotumika miaka mingi badala ya kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini. Rangi ya kulanti isikudanganye. Angalia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Gari ndogo nyingi za Kijapani hazina geji ya joto, zina taa ya bluu kwa ubaridi na nyekundu kwa joto. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa, kwa hiyo beba lita 5 za maji safi, klipu za ziada, kitambaa kizito na pembetatu za tahadhari. Ikiwaka, zima AC, fungua hita mpaka mwisho, egesha, zima injini. Mfuniko usiuguse kwa dakika 45, wala usimwagie injini maji ya baridi.

Ukifika Ruaha Mbuyuni simama. Nunua vitunguu, acha injini ipumzike, chungulia tangi la akiba. Kisha panda na AC imezimwa, ukiliachia nafasi lori la mbele ili upewe hewa.