Kabla ya kumpakia mbwa garini mwezi wa kumi, Lubumbashi

Hapa Lubumbashi joto kali hutungoja mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijashika. Ndipo mbwa wengi wanapoachwa garini "dakika tano tu".

Mwaka mmoja nilimwacha wangu hivyo, mbele ya ofisi nilikofuata muhuri. Mwenye muhuri alikuwa ametoka, nami nikangoja. Niliporudi mbwa alikuwa amelala chini ya kiti, ulimi nje, mate mazito, hata sauti yangu haitambui. Alipona. Tangu hapo uamuzi naufanya nyumbani, kabla sijafungua geti: kama safari ina mahali hata pamoja ambapo yeye hawezi kushuka nami, anabaki. Benki, ofisi, foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, sehemu hizo hakuna anayejua atatoka saa ngapi.

Kivuli kisikudanganye, maana jua linahama na kivuli kinahama nalo. Kioo kilichoteremshwa vidole viwili hakisaidii pia. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima gari lililoegeshwa juani siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi 22 hadi 36. Ndani ya saa moja joto la ndani lilipanda kwa nyuzi 22 hivi, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilikuja katika nusu saa ya kwanza. Madirisha yaliyoachwa wazi kidogo hayakubadili jambo kubwa. Na nyuzi 22 za nje, kwetu ni asubuhi ya kupendeza, siyo joto.

Mbwa naye hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na hewa anayovuta ikiwa ya moto, kuhema hakumfai kitu. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Wenye pua fupi, wazee, wanene na watoto huanguka mapema zaidi. Wala usimsahau kuku aliyefungwa miguu kwenye buti, au mbuzi anayetoka Likasi. Nao wanapumua.

Ikiwa lazima aende, nenda na mtu wa kubaki naye nje ya gari, chini ya mti. Chukua bidoni ya maji, bakuli, na kitambaa cha kulowanisha. Weka kwenye simu namba ya mganga wa mifugo mapema. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa mifugo, kwa hiyo kupata wa kumuuliza si kazi ngumu. Mwezi wa sita na wa saba hatari ni baridi ya usiku, na mbwa asilale garini.

Ukimkuta anahema bila kukoma, ufizi mwekundu sana, anayumba au anatapika, mtoe garini umweke kivulini papo hapo. Mmwagie maji ya baridi ya kawaida tumboni, shingoni na miguuni, umpepee, umpe maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza. Usimlazimishe kunywa. Halafu mpeleke kwa mganga siku ileile, hata kama amesimama na anatikisa mkia, kwa sababu figo zinaweza kuonyesha madhara baada ya siku moja au mbili.