Kupiga picha za netiboli ukumbini kwa flashi mbili

Picha ya kwanza ya mchezo wa ndani niliyolipwa ilirudishwa. Ilikuwa netiboli, katika ukumbi wa shule moja nje kidogo ya Kampala. Aliyenipa kazi aliifungua kwenye simu yake, akaikuza kwa vidole viwili, akaniuliza: "Kaka, huu ni mpira au kimondo?" Mpira ulikuwa na mkia. Mfungaji mwenyewe alitoka mkali, hata kope ungeweza kuzihesabu, ila nyuma ya mkono wake kulikuwa na mkono wa pili, wa moshi. Na flashi nilikuwa nazo mbili! Nilidhani flashi ikishawaka, kazi imekwisha.

Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, ambako watoto wa kila kabila tulikutana kwenye Kiswahili, na mpaka leo vijana wa kambini, wa Busia na wa Arua hunipigia kuniuliza mambo haya. Nimechoka kuyarudia kwa simu, basi nayaandika.

Anza na ule mkia, maana ukiuelewa huo mengine ni mazoezi ya mikono tu. Taa za kumbi zetu nyingi zinatosha kuchezea, hazitoshi kupigia picha. Nikipima, mara nyingi napata ISO 3200 (wepesi wa kamera kuona mwanga), lenzi wazi f/2.8 (tundu lake; namba ikikua, tundu linabanwa), kasi 1/250, yaani shata inafunguka kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mkono wa mfungaji bado unacheza. Ukitaka 1/1000 itabidi upande hadi ISO 12800, na picha ijae chengachenga kama iliyonyunyiziwa unga wa posho. Ndipo mtu anakimbilia flashi, akifikiri anaongeza mwanga. Kuongeza mwanga ni nusu tu ya kazi yake. Flashi ndogo, zile za kuchomeka juu ya kamera, ukiishusha hadi moja ya nane ya nguvu yake huwaka na kuzimika katika sehemu moja ya elfu kadhaa ya sekunde. Huo mweko ndio unaogandisha mpira. Shata ya kamera inafungua mlango tu na kungoja.

Sasa, mlango ukiwa wazi kwa 1/250 nzima na taa za ukumbi nazo zinaingia, unapata picha mbili juu ya moja: ya flashi iliyo kali, na ya ukumbi iliyopakaa. Hiyo ya pili ndiyo mkia. Harold Edgerton, mhandisi wa MIT kule Marekani, aligandisha matone ya maziwa na risasi kwa taa za mweko wa haraka, na siri yake kubwa ilikuwa chumba chenye giza. Wewe huwezi kumwambia msimamizi wa ukumbi azime taa watu wakicheza. Unachoweza ni kuipofusha kamera yako.

Jaribio lenyewe ni la dakika moja. Zima flashi, weka ISO 1600, f/5.6, 1/250, piga. Picha inatakiwa itoke karibu nyeusi: uone taa za dari kama nukta na labda kivuli cha mlingoti wa goli, usione uso wa mtu. Ukiona uso, shusha ISO au bana tundu la lenzi mpaka upotee. Kwa hesabu, unataka taa za ukumbi ziwe chini ya flashi kwa hatua tatu za mwanga, yaani moja ya nane. Ule ukumbi wangu wa ISO 3200 na f/2.8 ukiupigia kwa ISO 1600 na f/5.6 unakuwa umeshuka hatua tatu kamili. Ukumbi wenye taa mpya za LED zinazong'aa utakulazimisha ushuke zaidi, na hapo flashi zitaongezewa nguvu.

Je, flashi ndogo zitafika? Shika hesabu hii. Tuseme namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye kijitabu chake ni 50, kwa mita na ISO 100. Ukiishusha hadi moja ya nane, inabaki kama 18. ISO 1600 inaizidisha mara nne: 72. Gawa kwa umbali wa mita 12 kutoka flashi hadi mchezaji, unapata 6. Hiyo ni f/5.6 na chenji kidogo inabaki. Angalia tu kwamba namba hiyo imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa (zoom) ili mwanga uwe mwembamba, kama milimita 105 hivi. Kikiwa kipana inaporomoka.

Kasi ya shata usiipandishe kupita ile ambayo kamera yako inakubaliana na flashi. Nyingi huishia 1/200 au 1/250. Ukizidisha, utepe mweusi unatokea upande mmoja wa picha. Kuna flashi zenye mtindo wa kuruhusu kasi kubwa zaidi, usiutumie hapa. Flashi hapo inatapikatapika mwanga muda wote shata inapopita, nguvu inaisha, na ule mweko mmoja mkali unaoutafuta hupati.

Mimi huwaambia vijana waanze na netiboli kabla ya mpira wa kikapu, na si kwa sababu She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, walimaliza wa tano duniani kule Cape Town mwaka 2023, ingawa tangu hapo picha za netiboli zinaulizwa sana. Ni sheria zake. Aliyeshika mpira hana ruhusa ya kukimbia nao, na ana sekunde tatu tu za kuutoa. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili kwa kila timu, na lazima wawe ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 4.9. Mlinzi anatakiwa akae sentimita 90 kutoka kwenye mguu wa mfungaji, kwa hiyo anasimama kwa kidole cha mguu mmoja, mwili wote umelala mbele, mkono umenyooka juu ya mpira kama anayeiba embe kwa jirani. Picha nzuri kuliko hiyo sijaiona katika mchezo wowote wa ukumbini. Nawe unajua itatokea wapi na, kwa sekunde tatu, lini. Huhitaji kuangaza uwanja wote wa mita 30.5. Angaza duara moja: timu zinabadilishana upande kila robo, basi nusu ya mchezo utapata timu moja, nusu nyingine timu ya pili.

Mimi hukaa nyuma ya mstari wa mwisho, kando kidogo ya mlingoti, na flashi zangu ziko juu kwenye roshani, moja kona ya kushoto, moja ya kulia, upande huohuo nilioketi. Mfungaji anaangalia goli, basi uso wake unanielekea mimi na taa zangu. Zikae juu, mita tano au zaidi, na mbali na mlingoti, ili anayeitazama pete, iliyo mita 3.05 juu, asikutane na taa uso kwa uso. Ukumbi hauna roshani? Stendi ndefu, miguuni mwa kila moja mfuko wa mchanga. Yangu ni miguu ya suruali za jinsi za soko la Owino, imeshonwa chini, ikajazwa mchanga, ikafungwa kwa kamba.

Kosa la wengi ni kuelekeza taa katikati ya duara. Mwanga ukienda umbali mara mbili unabaki robo: mlinzi aliye mita 8 kutoka kwenye taa anaungua, mfungaji aliye mita 16 anazama gizani. Elekeza kiini cha mwanga mbali kuliko roho inavyokutuma, ukingo wa mbali wa duara au hata kupita hapo. Walio karibu watapata pembe tu ya mwanga, na itawatosha. Kisha chukua mtoto yeyote aliyewahi kufika, mwambie asimame chini ya pete, halafu katikati, halafu ukingoni, piga kila pahali. Soda moja inamaliza malipo. Mwambie pia aruke, maana uso wa anayeruka uko juu zaidi, na karibu kidogo zaidi na taa, kuliko wa aliyesimama.

Kufunga. Hapa sina mzaha. Flashi yenye kibanio chake ikianguka kutoka roshani juu ya kichwa cha mtu, hakuna picha itakayokuokoa. Kibanio kinashika reli. Hicho ni kimoja. Cha pili ni waya wa chuma unaozunguka reli na kupita kwenye shingo ya flashi, ili kibanio kikiachia, flashi ining'inie tu. Wangu ni waya mpya wa klachi ya boda boda; fundi wa Katwe alinikunjia kitanzi kila upande na kuvibana. Baada ya kufunga navuta kwa mkono wote, kwa nguvu, kama ninayetaka kuing'oa. Ikisogea hata kidogo, nafungua na kuanza upya. Na sifungi juu ya viti vya watazamaji kama kuna nafasi nyingine.

Kabla ya hayo yote umeshaomba ruhusa. Kwanza msimamizi wa ukumbi, halafu waamuzi wote wawili, halafu makocha wote wawili. Ukimwambia mmoja ukamwacha mwingine, timu yake ikifungwa ni flashi zako zilizofungisha. Mimi hupiga mweko mara mbili wachezaji wakiwa wanapasha mwili, kisha namwendea nahodha: "Dada, taa inakusumbua macho?" Akisema ndiyo, nahamisha, bila ubishi. Usijaribu kabisa kwenye badminton, mpira wa meza wala jimnastiki. Katika mashindano mengi flashi hairuhusiwi huko, na haki wanayo. Pale ukumbi wa Lugogo, Kampala, badminton ikichezwa naacha flashi nyumbani, nabeba lenzi ya f/1.8.

Ndondi ni habari nyingine, ulingo ni mdogo na taa zinakaa juu yake. Nitaiandika siku nyingine.

Sasa kosa langu la pili. Mchezo wa mtoano, flashi zote ziko juu, triga ya redio, kile kifaa cha kuziwasha kutoka kwenye kamera bila waya, inafanya kazi vizuri. Robo ya pili haijaisha, flashi ya kushoto imekata. Nikapanda: betri zimekufa na kichwa cha moto. Jicho la flashi, lile linaloiwasha ikiona mweko mwingine, nilikuwa nimeliacha wazi. Mwenzetu mmoja upande wa pili alikuwa na flashi yake juu ya kamera, na kila alipopiga, yangu iliitikia. Nilimpigia mwenzangu taa bure kwa nusu saa. Toka siku hiyo naweka triga ya redio peke yake, kwa chaneli ambayo wenzangu hawako, na nawauliza. Ukiwa humo humo kwenye menyu, zima na ile hali ya usingizi. Flashi ikilala juu ya roshani wakati wa mapumziko huenda isiamke mpaka uikimbilie ngazi, na mwamuzi hakungoji.

Betri ziwe za kuchaji, kama milliampea-saa 2000, nne kwa kila flashi na seti ya pili mfukoni. Nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito: A1 hadi A4, B1 hadi B4, ili seti isichanganyike. Rangi ya mwanga weka alama ya flashi na uiache hapo. Fokasi yangu huwa juu ya mfungaji kabla mpira haujamfikia.

Na kidole ukitulize. Flashi si bunduki ya rashasha. Ukibonyeza na kushikilia, fremu ya kwanza ni nzuri, ya pili nusu, ya tatu nyeusi. Kwa moja ya nane ya nguvu inajaa haraka, lakini joto linajilimbikiza na baadaye inagoma. Piga moja. Mfungaji akipokea, hesabu kimoyomoyo: moja, amegeuka, mbili, mikono inapanda, mpira ukiachia vidole, hapo. Mwanzoni utachelewa na kupata mpira nje ya fremu. Bonyeza mapema kidogo kuliko macho yanavyosema.

Ukumbi wenye madirisha makubwa usiuamini asubuhi. Nimepima saa nne, giza safi. Saa tisa jua likaingia kwa dirisha la magharibi na mikia ikarudi upande mmoja wa duara. Rudia jaribio la picha nyeusi kila robo inapoanza.

Mchezo ukiisha, kuteremsha ni kazi ya mtu mwenye njaa na haraka, na ndipo vitu huanguka. Fungua kibanio kwanza, waya mwishoni, flashi ikiwa tayari mkononi. Wakati mmoja nilikuwa ngazini, waya katika meno, mlinzi wa ukumbi akafikiri wote tumeondoka, akazima taa. Nilipiga kelele: "Afande, bado niko juu!" Akajibu kutoka mlangoni, "Juu wapi?" Siku hizi nabeba tochi ya kichwani, na ninamsalimia mlinzi kwanza, kabla hata ya msimamizi.