Kuhuisha kampuni ya zamani BRELA: anza na majina, kompyuta baadaye

Kabla hujafungua kompyuta, tandika mkeka, mwaga karatasi zote za kampuni na usome majina. Jina moja moja, herufi kwa herufi. Mimi nilianza kinyume, na nililipia.

Baba alifariki 2021. Alituachia kampuni ya limitedi aliyoisajili 2009: fuso mbili za kubeba korosho, na ofisi ya chumba kimoja hapa Mtwara mjini, Chikongola. Hisa zilikuwa mia moja. Sitini zake, arobaini za mjomba wangu anayeishi Newala. Wakurugenzi ni hao hao wawili. Tulipokwenda benki kubadili watia saini wa akaunti tukaambiwa tulete kwanza taarifa ya kampuni kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, inayoonyesha wakurugenzi walio hai. Usiku uleule nikakimbilia mtandaoni. Ikanichukua miezi saba kumaliza kazi ambayo leo naweza kuimaliza kwa wiki sita, nyingi kati ya hizo zikiwa za mahakamani.

Kwanza ujue kampuni yako ni ya rika gani. Iliyosajiliwa kabla ya ORS, mfumo wa BRELA wa usajili wa mtandaoni, kuanza 2018 faili lake lilikuwa la karatasi. Mfumo unaitambua kampuni kwa jina na namba, basi. Kwa hiyo hurukii kubadili mkurugenzi. Unaihuisha kwanza, yaani unaingiza mfumoni taarifa zake zilizopo, halafu ndipo unaleta mabadiliko, moja baada ya jingine. Mimi nilimwondoa marehemu na kuweka mpya humohumo kwenye kuhuisha, nikidhani nakata njia. Maombi yakarudi.

Sasa majina. ORS haikuulizi jina la mkurugenzi. Inakuuliza namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, halafu jina inalivuta yenyewe kutoka huko. Likitofautiana na lililomo kwenye katiba ya kampuni, ile tunayoiita memati, wewe ndiye wa kueleza. Memati ya baba imemwandika mjomba "Issa". Kitambulisho chake cha NIDA kinasema "Isa". Nikampigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Habari za Mtwara?"

"Salama. Mjomba, hivi jina lako lina S ngapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Kwani ukiniita kwa S moja sitaitika?"

"Wewe utaitika mjomba. Mfumo ndio hautaitika."

Dawa yake ni hati ya kiapo kwa wakili, inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, ikiwa na picha na saini. Ambatisha tangu maombi ya kwanza, usingoje kuulizwa. Na kama kosa liko NIDA kwenyewe, yaani wamekuandika jina ambalo hulitumii popote, karekebishe huko kwanza, maana kila ofisi utakayopita inakunywa kisima hicho hicho.

La pili ni kosa langu kubwa, nalitaja ili ulikwepe. Kuna kijana mmoja, kishoka, alinishawishi kwamba "ana mtu wake Dar". Nikampa 350,000. Alichofanya ni kufungua akaunti ya ORS kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, akaanza kuihuisha kampuni, akafika katikati akaacha kupokea simu. Nilipojaribu mwenyewe, nikakuta kampuni imeshashikwa na akaunti ya mtu mwingine. Ilibidi tuandike barua yenye kichwa cha kampuni, mjomba asaini, tuambatishe vitambulisho, tuombe ihamishiwe kwangu. Hapo ndipo miezi mitatu ilipokwendea. Kama hujui kompyuta, nenda steshenari ukachapiwe, si vibaya hata kidogo. Ila barua pepe iwe yako, namba ya simu yako, na nywila uandike wewe huku yeye anaangalia pembeni.

Turudi kwenye mkeka. Utahitaji cheti cha usajili, memati yote (kurasa zote, hata ile ya mwisho yenye shahidi), namba za NIDA na TIN za wakurugenzi, namba ya simu na barua pepe ya kila mmoja. Ndiyo, hata mjomba wa Newala mwenye simu ya tochi. Nilimfungulia barua pepe, na nywila yake ameiandika nyuma ya kalenda ya msikiti. Kama mtu amefariki ongeza cheti cha kifo cha RITA na karatasi za mirathi.

Hapa kwenye mirathi nitakaa kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapogombana bure. Ukurugenzi haurithiwi. Hisa ndizo zinazorithiwa. Kaka yangu mkubwa aliamini kwamba kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, kiti cha baba ni chake, tunabadili jina tu. Sivyo. Baba alipofariki ukurugenzi wake uliishia palepale, na kampuni ikabaki na mkurugenzi mmoja wakati Sheria ya Makampuni ya 2002 inataka wasiopungua wawili. Wa pili anateuliwa kwa kikao, kwa namna memati inavyosema, na anaweza kuwa mtu yeyote mwenye sifa, hata asiye na hisa. Mabadiliko ya wakurugenzi au katibu yanatakiwa yamfikie Msajili wa Makampuni, huko BRELA, ndani ya siku 14. Sisi tulikuwa tumeshapita mwaka.

Hisa nazo zina njia yake. Ukoo unakaa, unapendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa, mnakwenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa, na asipotokea wa kupinga msimamizi anapewa fomu namba 4. Hiyo fomu namba 4 ndiyo inayosema nani ana mamlaka ya kuzishika hisa sitini za baba. Kikao cha ukoo pekee, hata kiwe na saini za wazee wote wa Newala na Tandahimba, hakitoshi. Na hisa zikihama kwenda kwa mtu mwingine, iwe kwa kuuziana au kugawana, pita TRA kabla ya kwenda BRELA. Kuna ushuru wa stempu, na kwa mauziano kuna kodi ya faida ya kuuza mali. Nenda na karatasi zote wakukadirie; usijikadirie mwenyewe kitandani.

Ukishakuwa na hayo, kazi ya kwenye ORS yenyewe ni ya jioni mbili, umeme usipokatika. Vipengele vingi vinajieleza. Viwili vitakusumbua.

Cha kwanza ni anwani ya ofisi. Memati ya baba inasema ofisi iko "Mtwara Mjini, karibu na msikiti". Mwaka 2009 ilitosha. Mfumo unataka mkoa, wilaya, kata, mtaa, barabara, namba ya kiwanja au nyumba, na postikodi. Za mkoa wetu zinaanza na 63. Angalia kibao cha anwani ya makazi kilichobandikwa mlangoni, ukikosa nenda kwa mtendaji wa mtaa. Ofisi ikihama baadaye, hata mtaa wa pili tu, nalo ni badiliko la kupelekwa BRELA, siku 14 vilevile.

Cha pili ni shughuli za kampuni. Memati za zamani zilikuwa na kila kitu: kuvua samaki, kuuza bima, kuchimba madini, kufuga nyuki. ORS inataka uchague kwa namba za ISIC, orodha ya kimataifa ya aina za shughuli. Sisi tulichagua 4923, usafirishaji wa mizigo kwa barabara, na tukaishia hapo. Usichague shughuli kumi kwa tamaa.

Utaulizwa pia wamiliki manufaa. Hilo lililetwa na Sheria ya Fedha ya 2020: wanataka kumjua binadamu anayefaidika au kuiamuru kampuni mwishoni kabisa, hata kama hisa ziko kwa jina la mwingine. Kwa kampuni ndogo kama yetu mara nyingi ni wanahisa wenyewe, lakini kipengele hakijijazi. Unamwandika kila mmoja.

Ukimaliza kujaza, mfumo unakutolea fomu nzima, unaichapa, inasainiwa, unaiskani na kuipandisha. Mwenzangu, hapa usifanye haraka. Fomu yetu niliiweka kwenye bahasha nikampa kondakta wa basi la Newala asubuhi. Ilikuwa Oktoba, mjomba yuko shambani anaokota korosho, hatoki kwa mtu wala kwa serikali. Bahasha ikarudi baada ya siku nne pamoja na kifurushi cha ming'oko. Nikafurahi, nikapiga picha kurasa kwa simu, nikapandisha. Baada ya siku kadhaa maombi yakarudishwa na mstari mmoja: saini haisomeki. Nikachukua karatasi kuangalia. Mjomba alisaini kwa kalamu inayokaribia kuisha, na kwenye picha yangu kivuli cha kichwa changu kimelala juu ya saini yenyewe. Basi likaenda tena Newala, safari hii na kalamu mpya ya bluu ndani ya bahasha. Skani kwa mashine, faili moja la PDF, kurasa zifuatane, kisha ulifungue usome mwenyewe kabla ya kutuma.

Malipo ni ya kontroo namba. Unalipa kwa simu au benki, humpi mtu mkononi. Kila waraka wa badiliko nilitozwa 22,000. Ila kilichotuuma ni ritani za mwaka, yaani ripoti ya hali ya kampuni inayopelekwa BRELA. Baba alilipa kodi TRA kila mwaka akadhani ameshamaliza na serikali. Ritani ya BRELA ni kitu kingine: inawasilishwa kila mwaka, ndani ya siku 28 kuanzia tarehe ileile kampuni iliposajiliwa, hata kama kampuni haikufanya biashara yoyote. Kwetu kila ritani ilikuwa 22,000 na faini 2,500 kwa kila mwezi iliyochelewa. Piga hesabu: ritani moja iliyolala miaka mitatu ni 90,000 ya faini juu ya ile 22,000, na sisi tulikuwa nazo kadhaa. Tulilipa kwa mafungu, tukianza na ya zamani zaidi, kwa hela ya msimu.

Maombi yakipita, omba taarifa rasmi ya kampuni, uisome kabla ya kumpelekea yeyote. Yetu ilitoka na hisa sahihi lakini anuani ya sanduku la posta ya zamani. Kisha tembea nayo: TRA wabadilishe taarifa za TIN ya kampuni, benki, na halmashauri, ambako leseni ya biashara sasa inashughulikiwa kwenye mfumo wa TAUSI. Hizi ofisi usitegemee zitaambiana. Benki yetu ilitaka taarifa iwe ya karibuni, kwa hiyo usiitoe mapema ikakaa kabatini miezi.

Tarehe ya ritani nimeiandika kwa kalamu nyekundu ukutani ofisini. Mjomba naye nimempelekea kalamu tatu za bluu, aziweke mbali na wajukuu.