Mama mwenye kazi na unataka kujitolea mtaani hapa Malindi, anzia hapa

Akina mama wengi wananiuliza, nashinda kazini, watoto bado wadogo, lakini roho inataka kusaidia mtaani, naanza vipi? Inawezekana kabisa, ila mwenye duka sokoni na mwenye shifti ya jioni hotelini masaa yao si sawa, kwa hiyo usiige ratiba ya mtu.

Chagua kazi moja. Usishike unga wa mayatima na usafi wa ufuo na kufundisha watoto kusoma vyote kwa pamoja, utachoka upesi na watu washakuzoea wanakungoja. Mimi napenda sana kazi ya kufuatilia nyumba za karibu. Uwe Maweni, Barani, Muyeye au Kisumu Ndogo, hapo jirani hakosi mjamzito ambaye hajaanza kliniki, mtoto aliyeruka chanjo, au bibi wa presha anayelea wajukuu peke yake, na wote hao unawafikia kwa miguu bila nauli ya tuktuk.

Kabla hujapiga hodi kwa mtu, zungumza kwako. Mumeo, mama mkwe, mtoto mkubwa, wajue siku gani hupo na nani atapika. Siku moja kwa wiki baada ya alasiri yatosha, bora iwe siku ile ile.

Halafu nenda kwa mzee wa mtaa, ukimaliza mtafute mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu. Hapa ndipo wengi wanaparuka, na mimi naona ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Serikali ilizindua wahamasishaji kama 100,000 nchi nzima mwaka 2023, kila mmoja ana nyumba kama 100, na mkoba wa mashine ya presha, ya sukari, kipima joto na mzani. Nyumba 100 kwa mtu mmoja jamani! Na wengi wao ni akina mama kama wewe wana watoto na shughuli zao, kwa hiyo ukimwambia dadangu nipe nyumba 10 nikusaidie kufuatilia atafurahi sana. Kupima na dawa ni kazi yake, yako ni kukumbusha na kusindikiza.

Ukifika kwa mtu omba mfungue kitabu cha kliniki pamoja. Chanjo ya surua ni miezi 9 halafu 18, na hiyo ya 18 ndiyo inayosahaulika sana kwa sababu mtoto ashatembea, mama ashaanza biashara yake na kliniki washaiona imekwisha. Iandike tarehe, siku mbili kabla pita umkumbushe, na kama ana mzigo wa watoto wengine baki nao yeye aende.

Mtoto akiharisha, maji safi ya kunywa lita moja, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vijiko vya kusawazisha si vya kujaza kilima, anyweshwe kidogo kidogo huku mnatafuta zahanati ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na zinki. Akilegea, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, ni hospitali saa hiyo hiyo, musingoje kukuche. Mjamzito akitoka damu, au kichwa kinamuuma sana na anaona kiwi, vile vile. Ndio maana mapema sana uongee na dereva wa tuktuk wa mtaani anayekubali kuamshwa usiku, mkubaliane bei kabisa, na namba yake uiache kila nyumba unayopita.

Adabu nazo. Usiingie kama mama mwenyewe hayupo, na Ramadhani usiende karibu na magharibi watu wako jikoni. Picha usipige, hata kama umepeleka unga, mtu hataki shida yake izunguke kwenye wasapu za mtaa. Pesa za mchango usizishike peke yako, ziwe kwa mweka hazina wa chama na ziandikwe mbele ya watu.

Kama kazi yako ni ya hoteli, masika ikifika wageni wanapungua na wengi wetu tunapewa likizo ndefu, huo ndio wakati wa kuulizia afisi ya Msalaba Mwekundu mafunzo ya huduma ya kwanza, yatakufaa hata kwa wanao. Na huo huo ndio wakati Mto Sabaki unaweza kufurika na watu wa kule wakahitaji mikono. Disemba hoteli zikijaa punguza, waambie mapema nyumba zako kwamba mwezi huu nitapita mara moja, mtu akiambiwa haumii, anaumia akingoja.

Weka daftari dogo, uandike nyumba na tarehe tu, mambo ya ugonjwa ya mtu usiyaandike kwa jina, daftari huanguka. Na siku ukipata kazi Mombasa au ukihama, usiage kwa simu. Tafuta mama mwingine, mzungushe mwenyewe nyumba zote kumi, kila mlango umtambulishe kwa jina mbele ya mwenye nyumba, na namba ya yule wa tuktuk umpe pia.