Picha za kiroho bila kuzigeuza kalenda ya parokia

Mtu akiniambia anataka kupiga picha za sanaa zenye mambo ya dini, mara nyingi ananiletea msalaba na machweo, au mnara wa msikiti na mwezi mchanga juu yake, namwambia ndugu yangu hiyo tayari iko ukutani kwa shangazi yako, imeandikwa Januari chini. Achana na alama kwanza. Tafuta mwili unafanya nini: magoti, viganja, shingo iliyoinama.

Chukua Namugongo, hapa Uganda, karibu na Kampala. Tarehe 3 Juni watu wanafurika pale kuwakumbuka mashahidi Wakristo waliouawa enzi za Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, wengine wametembea kwa miguu siku nyingi kutoka mbali, na wapiga picha wote wanabanana mbele wakilenga altare na maaskofu. We nenda siku mbili kabla, kaa kwenye njia wanayoingilia. Mwaka mmoja nilimkuta jaja, yaani bibi kizee, amekaa chini ya mti, ndala pembeni, dumu dogo la maji pembeni, anapangusa vumbi kwenye nyufa za kisigino kwa pindo la leso, taratibu kama anayefuta sahani ya mgeni. Nikamwambia, "Jaja, naomba nipige picha ya miguu yako." Akaniangalia. "Mjukuu wangu, kwani uso wangu umeuona una kasoro gani?" Tukacheka, akanyoosha miguu, nikapiga yote mawili. Ya uso ni nzuri. Ya miguu ndiyo watu wanasimama mbele yake wananyamaza.

Kuhusu mwanga, sasa hapa sisikii la mtu, maana video nyingi mnazofundishiwa zimetengenezwa na watu wa Ulaya ambako jua la jioni linateremka kwa mshazari, linakawia. Sisi ikweta inapita hapa hapa Kayabwe, jua linapanda wima na kushuka wima, ule mwanga laini wa dhahabu unaupata kama nusu saa tu, asubuhi kuanzia karibu saa moja kasoro, ukichelewa kwa sababu boda amekuzungusha basi imekula kwako. Saa sita mchana usipige nje, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Ingia ndani. Kanisa lolote la zamani lenye ukuta mnene na dirisha moja upande mmoja linatosha, mweke mtu karibu na dirisha, pima mwanga kwenye shavu lililoangaziwa halafu shusha stopu moja, yaani punguza mwanga unaoingia kwa nusu, kilichobaki nyuma kiachie giza.

Kamera yoyote. Lenzi ya milimita 35 au 50, ISO, ile ya kuongeza wepesi wa kamera kwenye mwanga hafifu, panda hata 3200, chembechembe hazijawahi kuua mtu. Kama kuna mishumaa, waiti balansi, ile ya kurekebisha rangi ya mwanga, iache kwenye alama ya jua, ukiacha ya kujirekebisha yenyewe itakuondolea ule umanjano. Zima mlio, na fleshi izime mara mbili, nasema hivi kwa sababu yangu iliwahi kulipuka katikati ya sala ya kimya na mama mmoja aliruka kutoka kwenye goti, nilitoka nje mwenyewe kabla sijatolewa. Na omba ruhusa kabla, kwa padri, kwa imamu, kwa mzee wa kaya. Msikitini unavua viatu, hupiti mbele ya anayeswali, hilo halina mjadala.

Ukitaka picha za kupanga, usikodi modeli. Julia Margaret Cameron kule Uingereza alipata kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na miaka 48, na Bikira Maria wake mara nyingi alikuwa Mary Hillier, mfanyakazi wake wa nyumbani. Wakosoaji walimcheka kwamba picha zina ukungu. Leo ule ukungu ndio tunaoutafuta. Kwa hiyo mwombe dada yako, akae dakika kumi bila kutabasamu, ndipo uanze.

Kitambaa cha nyuma nawashauri lubugo, kile cha gome la mti, haking'ai, kinameza mwanga, na ile rangi ya kutu inaipendeza ngozi yetu. Ila jua unachokiita. Lubugo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao, Waganda wanavishia kabaka na wanazikia wafu, kwa hiyo ukimfunika nacho mtoto mchanga kwa sababu ni "urembo", bibi yake ataona maiti. Kule makaburi ya Kasubi, Kampala, pazia la lubugo ndilo linaloficha sehemu waliyolala makabaka, mgeni haruhusiwi kupita nyuma. Jaribu hiyo: mtu amesimama mbele ya pazia, mkono umeshika ukingo, haufungui.

Ukimaliza, editi kidogo tu, ngozi usiilainishe. Printi moja mpelekee mwenyewe. Jaja yule nilimpelekea zote mbili, ya uso ameiweka sebuleni kwenye fremu, ya miguu kaniambia nirudi nayo.