Pinboli ya zamani ina umeme mdogo? Tafuta kwanza volti zinapotelea wapi

Dalili zake ni hizi: mpira unafika nusu ya rampu unarudi, taa zinafifia kila koili (sumaku ya umeme inayosukuma vitu ndani) ikivuta, displei zinachezacheza, au ukibonyeza flipa (vile vibawa vya kupigia mpira) zote mbili kwa pamoja mashine inajizima na kujiwasha katikati ya gemu. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kununua bodi mpya, na mara nyingi bodi ilikuwa nzima kabisa, umeme ndo haukuwa unaifikia vizuri. Multimita ya kawaida inatosha kukuonyesha volti zinaishia wapi kabla hujatoa hela yoyote.

Kabla hujagusa kitu: ukiwa unafungua, unachomoa plagi au unasolda, mashine iwe imetolewa ukutani kabisa, sio kuzimwa swichi tu, maana kwenye transfoma na swichi yenyewe kuna umeme wa nyumba. Displei nyingi za miaka ya 70 na 80, kama za Bally, zinatumia volti 170 mpaka 190 DC, hiyo sio ya kuchezea, na kapasita kubwa zinabaki na chaji hata baada ya kuzima, so subiri dakika kadhaa kisha pima kama imeisha kweli ndo uweke mkono.

Sasa tenga tatizo. Kama flipa moja tu ni dhaifu na koili nyingine zote zinapiga kwa nguvu, hiyo sio ishu ya pawa. Angalia swichi ndogo ya mwisho wa mwendo iliyo pale kwenye flipa, kwa mashine nyingi za zamani hiyo ndo inayoruhusu umeme mwingi upite kwenye koili wakati wa kupiga, ikichafuka flipa inabaki na ule umeme mdogo wa kushikilia tu, na usisahau kile kijimrija ndani ya koili kikichakaa nacho kinapunguza nguvu. Ila kama kila kitu kimelegea kwa pamoja, taa, koili, displei, basi rudi nyuma kwenye chanzo.

Anza na soketi ya ukutani, pima mashine ikiwa inafanya kazi sio ikiwa imezimwa. Kama ukutani kuko sawa, angalia transfoma imeungwa kwenye tepu gani, yaani sehemu gani ya kuungia waya kulingana na volti. Hizi mashine zilisambazwa nchi nyingi, kwa hiyo transfoma nyingi zina tepu za volti tofauti, na ikiwa imeungwa kwa volti kubwa kuliko ya hapo ulipo, kila kitu ndani kitakuwa chini na utabadilisha vipuri mpaka uchoke. Kwa zile za relei zisizo na bodi, koili kawaida ziko kati ya volti 24 na 30 AC na taa volti 6, na nyingi zina tepu ya juu, yaani ya kuongeza volti za ndani, iliyowekwa makusudi kwa ajili ya sehemu zenye umeme hafifu.

Zile zenye bodi, kama Bally na Williams kuanzia 1977 hivi, laini ya kuangalia kwanza ni ya volti 5. Chip nyingi za humo zinataka kati ya 4.75 na 5.25, ikishuka hapo zinaanza kuchanganyikiwa. Na kosa linalofanyika sana ni kupima pale regyuleta (kifaa kinachotuliza volti zibaki 5) inapotoa, ukaona 5.0, ukasema pawa ni nzima. Pima juu ya chip yenyewe kwenye bodi ya kompyuta, mashine ikiwa na mzigo. Ukipata 4.6 kwenye chip wakati regyuleta inatoa 5.0, hizo 0.4 zimepotelea njiani, na njia yenyewe ni waya, pini na plagi tu.

Hapo ndo kazi ilipo kwa kweli. Weka ncha moja ya mita kwenye waya unaoingia kwenye plagi na nyingine kwenye risasi (solda) ya pini ile ile upande wa bodi, mashine ikiwa imewaka, taratibu usije ukagusanisha pini mbili. Kiungo kizima kinasoma karibu na sifuri, ukiona 0.2 au 0.3 umempata mwizi. Chomoa uangalie: plastiki imekuwa kahawia, pini imepoteza mng'ao, na ukigeuza bodi utaona kamstari ka duara kuzunguka pini pale risasi ilipopasuka. Kusugua na msasa kutakupa nafuu ya muda mfupi halafu joto linarudi, badilisha pini ya bodi pamoja na ile ya kwenye waya, ukibadilisha upande mmoja ule uliochoka utaichoma mpya. Vishikio vya fyuzi navyo ni hivyo hivyo, vikilegea vinapata moto na kula volti. Na fyuzi weka ya ampea zilizoandikwa, usiongeze.

Kama volti 5 ni ndogo tangu kwenye regyuleta, pima inayoingia. Regyuleta ya LM323K inayotumika kwenye Bally inataka kama volti 7.5 au zaidi kuingia ili itoe 5 safi. Ikiingia ndogo, shuku dayodi za kugeuza AC kuwa DC, moja ikikatika unabaki na nusu ya wimbi, au kapasita kubwa ya kuchuja imezeeka. Geuza mita uweke AC upime laini ya volti 5, ikizidi kama 0.1 basi kapasita haichuji tena. Mita nyingine za bei rahisi zinadanganya hapa, geuza ncha, kama namba inabadilika kabisa usiiamini. Kwenye mashine za Williams za miaka ya 90 zenye mfumo wa bodi uitwao WPC, kapasita hiyo ni mikrofaradi 15,000 volti 25, na ile tabia ya kujirisiti ukipiga flipa mbili mara nyingi inatokana na hiyo, rektifaya yake (zile dayodi za kugeuza AC), au plagi za njia hiyo. Ukibadilisha, angalia alama ya hasi mara mbili.

Ukimaliza, iache mashine iwake nusu saa hivi ipate joto kisha pima tena kwenye chip huku mtu anabonyeza flipa mfululizo, maana risasi iliyopasuka inaweza kukaa vizuri ikiwa baridi na kuachia ikipata moto. Ikibaki juu ya 4.9 muda wote huo, funga kioo ucheze.